Kalibu ya Babu na Marehemu Mpenda Kale

Jumamosi, 3 Aprili 2004

Balaa. Bibi ametangaza kwamba stoo itasafishwa kabla ya wageni wa posa ya shangazi Mahbuba. Kila kisichopikiwa, kisicholiwa na kisichovaliwa kitoke. Alikuwa akilitazama sanduku la Babu.

Sanduku lenyewe: kalibu ya shaba ya kumimina risasi, kibaba cha kupimia baruti, na maganda matupu ya risasi yaliyoota ukijani. Zamani watu walijaza risasi zao wenyewe nyumbani. Bunduki ikilia harusini, ganda liliokotwa likajazwa tena. Babu hajajaza kitu tangu sijazaliwa. Lakini kila Ijumaa hulifungua sanduku, huishika kalibu, huifunga, huifungua, huirudisha. Ndipo anywe kahawa yake. Bila ya hivyo kahawa haishuki.

Bibi kasema mtu wa vyuma chakavu anapita Alhamisi. Babu kajibu taratibu kwamba kalibu hiyo ilitoka Oman na babu yake, ikakaa Unguja, ikarudi huku na yeye mwenyewe ndani ya sufuria ya wali. Bibi kasema basi imetembea vya kutosha, ikapumzike. Mie nnataka stoo yangu, Baba Mahbuba.

Binamu yangu Ruba wa Al Amerat alikuwepo. Lazima awepo. Kwao wana dele la kahawa la kale ambalo mtaalamu alilitia bei, na hatujapumzika tangu siku hiyo. Kasema sanduku letu lote halifiki bei ya pakiti ya chipsi. Babu alisikia. Aliinama kutafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa.

Nina mpango. Kuna ukumbi mtandaoni wa wapenzi wa vitu vya kale, na wana mnada. Nitaitia kalibu humo. Si kuuza! Mungu apishe mbali. Kuonyesha tu. Bei ikipanda, nitampelekea Bibi karatasi, naye ataiheshimu kalibu. Babu hana haja ya kujua.

Jumapili, 4 Aprili

Nimeisugua kalibu kwa ndimu na majivu. Kitu hakitoki nyumbani kichafu, hata kikitoka kwa picha tu. Imeng'ara kama dhahabu! Nimeipiga picha kwa kamera ya shangazi Mahbuba, upande wa mkono wa chuma na upande wa mkono wa mti wa mkarafuu, ule wenye alama ya kuungua.

Kisha maelezo. Nimefundishwa kwamba mtu hasifu chake. Mgeni hukaribishwa "kidogo tulichonacho" hata kama mbuzi mzima yuko sahanini. Nimeandika: "Kalibu kuukuu, si kitu cha maana, mtuwie radhi kwa kuwapotezea wakati." Nimesoma mara ya pili. Nimependezwa nayo.

Baada ya kupeleka ndipo nikasoma mafunzo ya ukumbi. (Ningesoma kwanza. Najua.) Shaba ya kale haisuguliwi. Ule weusi ndio umri wake, na umri ndio bei. Aliyesugua amekata nusu ya thamani kwa mkono wake.

Nikaitazama kalibu. Nikaona uso wangu ndani yake.

Nimejaribu kuirudishia umri. Chai ya rangi, siki, moshi wa ubani. Sasa inang'ara vilevile, na inanukia kama bibi harusi.

Jumatatu, 5 Aprili

Dau moja tu. Nusu riali. Mtu wa Sohar, na anauliza kama kupelekewa nyumbani ni bure. Mwingine kaandika kwamba haoni sababu ya kununua kitu ambacho mwenyewe anasema si kitu. Maelezo hayabadilishiki mnada ukishaanza. Nimejaribu.

Ruba kapiga simu kumuuliza Bibi kama vyuma vimeshatoka. Nilimsikia akicheka mpaka huku.

Basi nimejiandikisha kwa jina la pili: Mpenda Kale. Mtu mzima, mpole, mwenye pesa zake na mapenzi makubwa ya kalibu. Katoa dau la riali tano. Ninamheshimu sana.

Kompyuta ikiingia mtandaoni simu ya nyumba haishiki, kwa hiyo Mpenda Kale hufanya kazi Bibi anapolala baada ya chakula cha mchana. Babu alipita sebuleni. Aliniuliza nasoma nini. Nikasema historia. Kasema vizuri, mjukuu wangu, historia ni nzuri. Kaniletea chungwa, keshalimenya.

Sikuweza kulila.

Jumanne, 6 Aprili

Leo mtihani wa dini. Swali la tatu: eleza maana ya najshi na hukumu yake. Nimejibu kwamba najshi ni kupandisha bei mnadani bila nia ya kununua, ili kuwahadaa wengine, na kwamba ni haramu. Nikatoa na mfano. Mwalimu wetu, Abla Rahila, alisimama nyuma yangu, kasema mfano wangu uko hai kabisa.

Nimefikiri njia nzima ndani ya basi. Najshi inamdhuru mnunuzi. Hapa mnunuzi ni mimi. Nikijidhuru mwenyewe nitajisamehe. Nilipofika kwetu Azaiba nilikuwa nimetulia.

Nikafungua kompyuta. Ametokea mtu mpya! Anajiita Nguru wa Qurayyat. Katoa riali kumi. Mpenda Kale kumi na tano. Nguru ishirini. Nikasema moyoni, alaa, huyu nguru ananijua mimi? Ishirini na tano. Thelathini. Haki ya Mungu nilisahau kwamba kalibu ni yetu. Nilijua tu kwamba nguru yeyote hatanichukulia. Katoa arubaini. Nikatoa arubaini na moja, na mnada ukafungwa.

Mpenda Kale kashinda! Nimeruka juu ya kiti.

Kisha nikakaa. Nimejiuzia kalibu yetu mwenyewe. Kuna mtu Qurayyat ana huzuni, na sababu ni mimi.

Lakini bei ni bei. Riali arubaini na moja! Kesho nitaichapisha kwenye duka la intaneti la barabara kuu.

Alhamisi, 8 Aprili

Leo na kesho hatuna shule. Gari ya vyuma chakavu ilisimama mlangoni asubuhi. Bibi keshalitoa sanduku barazani. Nikatoka mbio na karatasi yangu. Nikamwambia Bibi bei. Kaisoma mara mbili, akavaa miwani, akaisoma tena. Kamwambia mtu wa vyuma aende zake, mwizi mkubwa we, ulitaka kutuibia. Masikini hakuwa amefungua mdomo.

Nimeshinda! Kwa muda wa kunywa maji.

Kwa sababu Bibi kageuka, kasema kumbe nnalala juu ya mapazia mapya na sijui. Huyo Mpenda Kale aje leo leo achukue chuma chake. Nikasema Bibi, hii ilikuwa kuonyesha bei tu. Kasema bei haionyeshwi, mwanangu, bei inalipwa. Babu alikuwa kibarazani. Kasema kama Bibi yenu anataka mapazia, shaba ni shaba tu. Hakulifungua sanduku. Kahawa yake ilipoa ikamwagwa.

Ilinibidi kumzuia Mpenda Kale asije. Nikasema hawezi kuja. Kwa nini? Mgonjwa. Basi tumpelekee, kasema Bibi, mgonjwa huzuriwa. Nikaona hatari. Nikasema amefariki.

Sijui kwa nini. Lilitoka lenyewe.

Bibi kasema inna lillahi. Kakaa chini. Lini? Jana. Ukoo gani? Matanga wapi? Alikuwa keshaanza kutafuta baibui. Nikasema Salalah. Nashukuru Mungu kwa kuiweka Salalah mbali. Bibi kasema masikini, kafa na hamu ya kalibu yake. Katazama karatasi kwa huruma. Kisha kauliza nani alikuwa wa pili.

Nikaambiwa nimwandikie Nguru kwamba mshindi amefariki na kalibu ni yake. Bibi alisimama nyuma yangu na miwani. Niliandika haraka, sikutazama kitu, nikapeleka.

Ijumaa, 9 Aprili

Ninaandika uso ukiwa bado wa moto.

Asubuhi Bibi kamsomea Mpenda Kale Fatiha. Kaniita nami. Babu kainua mikono, kaomba marehemu asamehewe na apewe huko kizuri kuliko alichokikosa huku. Nilisema amina. Sauti yangu ilitoka kama ya paka.

Baada ya sala ya Ijumaa kaja Ami Ghanim. Ni binamu wa Babu, walikua pamoja Unguja, nyumba nzima tunamwita Ami. Amestaafu, anakaa Qurayyat. Kaja na nguru mzima ndani ya gazeti.

Nguru. Wa Qurayyat. Nikashika trei ya kahawa kwa mikono miwili.

Kasalimia kila mtu kwa zamu, kisha kamgeukia Babu, kashusha sauti kama aliyeleta msiba. Thabit, ndugu yangu, usishtuke. Umeibiwa. Kalibu yako iko mnadani. Nimeijua kwa mkono wa mkarafuu. Mimi niliyeuunguza! Niliachwa niangalie moto nikaenda kucheza, na bakora ukala wewe. Nilitaka kuinunua nikuletee kimya kimya. Lakini kuna haramia anajiita Mpenda Kale, Mungu amkatie riziki. Kila nikipanda, anapanda! Nimekupigia simu Jumanne mchana kutwa ili nikwambie, simu haishiki. Nani nyumba hii ana maneno mengi namna hiyo?

Bibi katokea mlangoni. Ghanim! Astaghfirullah! Usimtukane maiti!

Maiti gani, kauliza Ami.

Mpenda Kale. Kafa Jumatano, Salalah. Tumemwombea asubuhi hii hii.

Ami kasema haiwezekani. Maiti huyo jana kamwandikia barua. Katoa karatasi mfukoni, kamsomea Babu: "Kutoka kwa Mpenda Kale. Nasikitika kukujulisha kwamba nimefariki jana. Kalibu ni yako."

Jina. Nilikuwa nimeandika kwa jina la pili, na kwa haraka "amefariki" ikawa "nimefariki".

Walitazama kompyuta. Wakatazama simu, na waya unaotoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta. Wakanitazama mimi na trei. Vikombe vilikuwa vikigongana.

Nikasema yote. Bibi alitaka kujua jambo moja tu: Fatiha yake imekwenda kwa nani.

Babu hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Kasema niilete kalibu. Nikaileta, inang'ara. Kaigeuza mkononi. Kauliza, kama anayeuliza hali ya mtu, nani kaiosha. Nikasema mimi, Babu. Kasema ule ulikuwa moshi wa babu yake. Kainusa. Kauliza, na huu ubani?

Ardhi haikupasuka. Nilisubiri.

Ami Ghanim kaipokea. Kapitisha kidole kwenye alama ya kuungua. Kasema hata kuoshwa haikuharibika, bado ni nzuri, wallahi ni nzuri.

Na hapo ikawa. Mgeni akikisifu kitu nyumbani kwako, na macho yake yana maji, unasema nini? Babu kasema chukua, ni yako. Ami kasema haiwezekani. Babu kasema ni yako. Ami katoa pochi. Babu kamwambia airudishe kabla hawajakosana. Kasema kwa Ghanim kuna mtu anayeijua. Hapa itatiwa mnadani tena.

Alisema bila kunitazama. Ami kaondoka nayo, ndani ya lile gazeti la samaki.

Babu hakunywa kahawa.

Jumamosi, 10 Aprili

Adhabu: sigusi kompyuta. Bibi kauchomoa ule waya wa kutoka simu kwenda kompyuta, anautia mkobani, hata chooni anakwenda nao. Ruba anajua. Leo katika basi la shule kaniuliza, kwa upole mkubwa, kama nitakaa matanga. Nimestahili.

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau. Sitapandisha bei. Sitasema uongo. Sitamuua mtu.

Lakini nimerudi shule nikamkuta Babu kafungua sanduku, na leo si Ijumaa. Anatazama pale ilipokuwa kalibu. Kakichukua kibaba cha baruti, kakirudisha. Kibaba na kalibu vilikuwa pamoja tangu mwanzo, kasema. Kisha kaenda kulala bila ya kulala.

Nikafikiri. Kalibu bila kibaba si kamili, hata mafunzo ya ukumbi yanasema. Ami Ghanim akikiona kibaba mnadani, atakitaka. Atapiga simu, na simu safari hii itashika. Atakuja. Watakaa, watazungumza, ataona kwamba vitu viwili hivi havitengani, na atairudisha kalibu mwenyewe kwa moyo safi. Si kuuza! Kuonyesha tu. Duka la intaneti la barabara kuu liko wazi mpaka magharibi.

Nimekisugua kibaba kwa ndimu. Kidogo tu, kisitoke nyumbani kichafu.

Kitu kimoja kinanisumbua. Asipotokea mtu wa kuanzisha bei, Ami hatatambua kwamba kina thamani. Nimefikiri jina jipya. Mjane wa Mpenda Kale. Anakitaka kwa ajili ya kumbukumbu ya mumewe, na nani atamzidi bei mjane? Najua yuko edani na hatoki nje. Lakini atatoa dau akiwa ndani ya nyumba, na hilo, kwa nilivyosoma, linaruhusiwa.