Urefu wa Feza na mguu wangu wa kulia

Ndugu zangu, leo nimejimaliza. Mchana kweupe, nyumbani kwangu, kwa mguu wangu mwenyewe. Nawaandikia nikiwa nimejibanza nyuma ya jiko, kwa sababu najua habari itafika sokoni kabla yangu, na ikifika huko itakuwa imeota mikia mitatu. Afadhali mnisikie mimi.

Kwa wasionijua, mimi nauza tiketi kwenye gare, stesheni ya treni, hapa Kalemie. Treni yetu haina saa. Inaondoka leo kwenda Nyunzu, halafu tunaweza kukaa wiki mbili bila kuisikia. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kukaa nyuma ya dirisha, kutazama reli zinavyotetemeka katika joto, na kuota macho wazi. (Mke wangu anasema mimi ndiye mtu pekee mjini anayerudi nyumbani amechoka kwa kuota.)

Sasa, nina binti. Anaitwa Feza, ana miaka kumi na miwili, na ni mfupi. Si ule ufupi wa kusema bado ni mtoto, tusubiri. Yuko darasa la sita lakini kwenye mstari wa bendera anapangwa na wa darasa la nne. Shuleni wanamwita Ndakala, jina la vile visamaki vyetu vinavyoanikwa mchangani kando ya ziwa. Siku moja mwezi uliopita alirudi kutoka shule, akaketi kizingitini bila kuvua viatu, akaniuliza taratibu:

"Papa, mi nitaishia hapa hapa?"

Nikamwambia hapana, utakua. Alinitazama kama mnavyonitazama nyinyi nikisema treni inakuja kesho. Swali lile likanikaa kifuani. Nasema wazi, liliniuma.

Nikampeleka kituo cha afya. Nesi, mama mmoja asiye na haraka, akamsimamisha ukutani akampima, akampandisha kwenye mizani, kisha akafungua fishi yake ya tangu utotoni, ile yenye mistari ya kuonyesha mtoto anavyokua. Akaufuata mstari kwa kidole.

"Papa Feza, angalia. Mutoto anakomea, anakua. Iko chini, lakini kila mwaka anapanda. Hajasimama."

"Sasa tufanye nini?"

"Samaki munayo. Mumupe na maharagwe, mayai, mboga. Anywe dawa ya minyoo. Alale mapema. Kisha miezi sita mumulete tena nimupime. Nikiona amesimama, tutamutuma kwa munganga mukubwa wa hospitali. Na musimununulie zile dawa za kurefusha za barabarani."

Halafu akanitazama mimi, kutoka viatu hadi kofia. Safari haikuwa ndefu.

"Na wewe Papa, hauko murefu sana."

Mtu mwingine angeridhika, akashukuru, akaenda kununua maharagwe. Maharagwe nilinunua. Kuridhika ndiko kulikonishinda, kwa sababu nilikuwa na siri.

Feza alipokuwa bado anatambaa, siku moja alisinzia mkekani, pale pale mlangoni. Mara treni ikapiga honi, na ilikuwa wiki tatu hatujaiona. Nikatoka mbio. Badala ya kumzunguka mtoto, nikampitia juu. Mguu wa kulia ulitangulia, nakumbuka hata kiatu. Mnajua wenyewe wazee wetu wanavyosema: mtoto akirukwa hakui, mpaka yule aliyemruka arudi, kwa mguu ule ule, akitokea upande ule alikotua. Marehemu mama yangu alikuwa na sharti la ziada: urudi ukitaja kwa mdomo kile unachomrudishia. Mimi sikurudi. Nilikwenda kuuza tiketi, na jioni nikawa nimesahau.

(Ndiyo, nimesoma. Nina diploma, imetundikwa sebuleni. Lakini diploma haikuwahi kumzuia mtu kuwaza.)

Tangu lile swali la kizingitini, kila nikimwona Feza anapanda kiti ili afikie sahani, macho yangu yanashuka kwenye mguu huu. Nikaamua kurudi. Ila ningemwambia nini mtoto? Lala hapo, Papa yako akuruke? Na mama yake je, anayeimba kwaya na hataki kusikia mambo haya? Nikapanga kufanya kimya kimya, Jumapili, Feza akiwa amelala mchana. Huwa analala kwenye korido, penye upepo wa ziwani, amejifunika kitenge chake cha bluu kuanzia kichwa hadi vidole kwa sababu ya nzi.

Hapa inabidi niwajulishe mama mkwe wangu. Mama Anastazia, ambaye Feza anamwita koko, yaani bibi, aliwasili Ijumaa kwa boti kutoka Moba, na mfuko wa unga wa muhogo na maagizo mengi. Umbo dogo, amri kubwa. Na kwetu mkwe ni mkwe. Sili naye sahani moja. Siketi kwenye mkeka wake. Nikipita mbele yake nainama mpaka mgongo unalia. Tulimpa chumba cha Feza, kitanda na chandarua, na mimi akilini mwangu nikamhifadhi humo, mlango umefungwa.

Leo tukatoka misa, tukala bugali kwa sombe, yale majani ya muhogo, na ndakala, nami nikashuka gare kuuliza habari za treni. Hakuna habari. Nikarudi polepole. Mnaijua saa ile ya Jumapili, mji mzima umelala, hata mbuzi wamejilaza kwenye kivuli cha ukuta. Ziwa lilikuwa jeupe, halina mwisho. Milima ya ng'ambo ilionekana, kisha haikuonekana, kisha sikujua kama niliiona kweli au niliikumbuka tu. Nikatembea ndani ya mwanga ule nikiwaza kwamba labda watoto nao hukua hivyo, bila sauti, wakati sisi tunatazama kwingine. Nilifika nyumbani nusu yangu ikiwa bado barabarani.

Mke wangu alikuwa uani na wenzake wawili wa kwaya, wanapima vitambaa vya sare. Nikawasikia kwa mbali. Nikaingia korido.

Kitenge cha bluu. Chini yake kaumbo kadogo, kamejikunja kidogo, kanapumua.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. (Hili ndilo kosa langu la kwanza kati ya mengi.) Niliona miaka ikipita juu ya kile kitenge. Nikamwona Feza ana ishirini, anainama ili apite mlangoni. Anatundika pazia bila kiti. Anasimama karibu nami kwenye gare na anaiona treni kabla yangu, ananiambia, Papa, inakuja, nami namwamini kwa sababu yuko juu huko. Machozi yakanilengalenga. Nikavua viatu.

Siku ile nilikimbia kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo leo ilibidi nitokee upande wa mlango niingie ndani. Nikajipanga. Nikakunja suruali. Nikainua mguu wa kulia, nikaupitisha, nikaukanyagisha ng'ambo, na hapo nikatulia, mguu mmoja huku, mwingine kule, nikafumba macho ili niseme maneno kwa heshima inayostahili.

"Nakurudishia urefu wako wote," nikasema. "Nilikunyima bila kujua. Ukomee. Ukomee mpaka umupite mama yako, umupite na koko yako."

"Papa Feza."

Sauti ilikuwa nzito kidogo kwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Nikafumbua macho. Kitenge kimeshuka, na kati ya miguu yangu unanitazama uso wa mama mkwe.

Mwanamume mwenye akili angeurudisha mguu haraka. Mimi niliuvuta ule mwingine, nikamaliza kuruka, nikatua ng'ambo nikiwa nimemvuka mama wa mke wangu moja kwa moja. Tena bila viatu. Tena na suruali imekunjwa.

Nikageuka. Kwenye mlango wa uani wamesimama mke wangu na wale wawili wa kwaya, kila mmoja na kitambaa mkononi. Kwenye mlango wa mbele amesimama Feza, na bidon ya maji kichwani, macho yamemtoka.

"Mule chumbani ni moto," mama mkwe akasema, bila kuinua sauti. "Mutoto alinipa nafasi yake. Na kitenge alinipa. Sasa wewe, ulikuwa unafanya nini juu yangu?"

Nikainama kukunjua suruali.

"Nimesikia unaniambia nikomee," akaendelea. "Papa Feza, mi niko na miaka sabini na mbili. Nikomee niende wapi?"

Mwanakwaya mmoja akaziba mdomo kwa kitambaa. Haikusaidia.

"Mama, unisamehe, nilifikiri..."

"Utaniambia kisha. Kwanza rudi."

"Nirudi wapi, Mama?"

"Umenipita juu. Rudi ulikotoka. Hivi unaniona, hakuna ya kupunguza."

Ndugu zangu, nikarudi. Mbele ya watu wote. Na kwa kuwa ni mkwe, nikataka kumruka huku nimeinama kwa heshima. (Msijaribu. Kiungo kimoja lazima kikatae.) Nikapepesuka, nikashika pazia la mlango, pazia likakatika likanifunika kichwa hadi kiunoni. Nikabaki nimesimama humo ndani. Kulikuwa na giza, ubaridi, na harufu ya sabuni. Nikatamani kuhamia.

Ni humo ndani ya pazia nilipokiri. Ni rahisi kusema kweli ukiwa huoni mtu. Nikawaambia habari ya honi ya treni, ya mkeka, ya mguu, na miaka yote niliyokaa bila kurudi. Nikasema, Feza ni mfupi kwa sababu yangu.

Kicheko kikakatika. Kisha nikasikia bidon ikiwekwa chini.

"Papa, njo sababu unaniangaliaka vile nikipanda kiti?"

"Ndiyo, njo sababu, mwanangu."

"Mi nilifikiri ni hii bidon," Feza akasema. "Nilifikiri maji njo inanishindilia chini. Nikataka kumuambia Mama asinitume tena, nikaogopa, nani atamusaidia?"

Nikatoa kichwa nje ya pazia. Mke wangu alikuwa anatazama sakafu.

"Na mi," akasema, "nilifikiri ni sababu nilimuachisha kunyonya mapema. Nilikuwa mugonjwa. Sikumuambia muntu."

Tukatazamana sote watatu. Tumekula pamoja kila siku, na kila mmoja alikuwa amejishitaki na kujihukumu peke yake, kimya. Nililia, sitaficha, na nikajifuta kwa pazia lile lile.

Mama mkwe akainuka, akamwita Feza, wakasimama mgongo kwa mgongo. Kichwa cha mtoto kilimfika bibi yake masikioni.

"Muangalie, ninyi wenye makosa," akasema. "Kule Moba, wenzangu wote walikuwa wasichana wakubwa, mi bado nilikuwa kama huyu. Hata yeye ananipita mi wa wakati ule. Nikakomea nyuma yao, polepole. Mutoto amenifwata mi. Na kama sivyo, nesi iko, atatuambia."

"Koko, sasa nitakuwa kama weye?" Feza akauliza.

"Kama mi. Ao utanipita kidogo. Ni vibaya?"

Feza akafikiri. Akamtazama bibi yake, akatazama wanakwaya waliojipanga ukutani kama watoto wa katekisimu, akanitazama mimi na pazia langu.

"Si vibaya," akasema. "Weye, hata Papa anakuogopa."

Wote wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Tangu waanze kumwita Ndakala sijamwona akicheka hivyo. Ningeruka mama wakwe watatu kwa kicheko kile. (Msimwambie mke wangu.)

Adhabu ilitolewa papo hapo, kwa kuwa mkwe hapitiwi juu bure. Kuku jike mmoja. Mama mkwe alikataa achinjwe: lazima awe wa kutaga, na mayai yote ni ya Feza, yeye mwenyewe atayahesabu mpaka atakaporudi Moba. Kuhusu maji, kuanzia kesho nitayachota mimi, kwa baiskeli, tena asubuhi wakati majirani wote wako nje. Tarehe ya nesi mke wangu ameiandika ukutani, juu ya diploma yangu.

Huko ndani sasa wanapanga chakula cha jioni. Nikipita korido kwenda kunywa maji, kila mtu anakunja miguu, hadi paka. Sawa. Nimestahili.

Nanyi mkitaka kunicheka, chekeni, lakini chekeni mkiwa mmesimama. Nikimkuta mtu amelala chini kwa kicheko, nampita juu, na safari hii sirudi.