Marehemu Mume Wangu Hakucheza na Baiskeli

Mektilda Lugembe,
Nyuma ya ghala la saruji, Gongoni,
Tabora.
9 Septemba 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kumbukumbu ya Bugi Kuu la 1975,
Tabora.

YAH: KUONDOLEWA KWA BAISKELI UKURASA WA 41

Ndugu Mwenyekiti Leodgar,

Nachukulia kwamba umekwisha kuniamkia, kwa kuwa mwaka 1975 wewe ulikuwa na miaka miwili na mimi kumi na minane, nami naitika marahaba. Huku hatujambo. Mume wangu Anselm alifariki mwezi wa sita. Misa ya arobaini tumekwisha kuifanya, na wanajumuiya bado wananiletea ndoo ya maji kila asubuhi ingawa bomba langu linatoa maji vizuri.

Nimesoma rasimu ya kitabu chenu mara mbili, mara ya pili kwa miwani ya marehemu, kwa sababu yangu nilidhani imenidanganya. Sura ya kwanza inaeleza maonyesho makubwa ya muziki duniani: lile la Marekani la 1969, ambapo vijana laki nne walikaa kwenye matope ya shamba la ng'ombe; lile la Kinshasa la 1974; na lile la London la 1985 la kuwachangia wenye njaa. Sura ya pili ni sisi: Jumapili ya tarehe 19 Oktoba 1975, saa nane mchana, bendi ya Mwendo Pole Jazz kutoka Dar es Salaam ilipopiga bugi, yaani dansi la mchana, katika ukumbi ambao leo ni ghala la saruji. Mmeandika kwamba siku hiyo dunia ilisimama. Sina ubishi. Mtaani kwetu hata mashine ya kusaga ilizimwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ukurasa wa 41 mmeandika: "Marehemu Anselm Lugembe, mfanyakazi wa reli, alicheza na baiskeli." Nukta. Hayo ndiyo yote aliyoyapata mtu aliyeishi miaka sabini na tatu.

Najua yalikotoka. Katibu wako, Bwana Valentino, alikuja msibani kwetu na simu yake akarekodi kila kitu, hata kuku. Pale kaburini akasimama Mzee Mwinshehe, Mzaramo aliyefanya kazi ya reli na marehemu tangu ujana wao. Kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, alifanya kazi yake ya utani kama inavyotakiwa. Aliketi juu ya udongo, akazuia koleo, akasema: "Nyie Wanyamwezi mnamlilia nani? Babu zenu walitufikia pwani na mizigo kichwani, tukawapa maji. Huyu naye akaletewa muziki kutoka pwani mpaka mlangoni kwake, akacheza na baiskeli! Kaikumbatia kiunoni, mabibi wanapita hivi! Mzikeni na kengele yake, akifika huko apigie watu wapishe!"

Watu walicheka hadi mbeba msalaba akauweka chini. Mimi pia nilicheka, ndiyo maana ya mtani msibani. Lakini Bwana Valentino hakucheka. Aliuliza jina la shahidi linaandikwaje.

Ndugu Mwenyekiti, kama maneno ya watani ni historia, basi andikeni pia kwamba baba mkwe wangu alizikwa akiwa na deni la mbuzi kwa fisi, na kwamba shangazi Veneranda aliolewa kwa kukosea nyumba. Yote yalisemwa makaburini, mashahidi wapo.

2. Ukweli ni huu. Anselm alikuwa ndani. Wakati huo alifanya kazi stesheni ya Tura. Alikuja kwa treni Jumamosi, akafika kwetu shambani kumsalimu baba yangu, kwa sababu posa ilikuwa bado haijajibiwa. Baba alimwazima baiskeli yake ya kwendea mjini, na Jumapili jioni ikarudi bila mkwaruzo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya michembe ya viazi vikavu. Alivaa shati la manjano na viatu alivyovipaka mafuta ya karanga, sisimizi wanamfuata.

Kwa miaka hamsini alinisimulia bugi lile. Alijua nyimbo zote tisa kwa mpangilio wake. Alijua mahali ambapo mpiga tarumbeta alikata pumzi kabla ya kupanda juu, na kila alipomenya viazi alifika mahali hapo akasimamisha kisu, akavuta pumzi, ndipo akaendelea. Ni kweli kwamba nilipomuuliza wanamuziki walivaa rangi gani hakujua. Alisema alifumba macho. Huyo ndiye msikilizaji, si wale wanaokwenda kutazama mashati. Baiskeli aliiacha nje kama mtu yeyote mwenye akili.

3. Fomu yenu namba mbili inasema kwamba jina la mtu litachongwa kwenye jiwe la kumbukumbu endapo mhusika "atafika mwenyewe na kuthibitisha". Nilikuja ofisini kwenu mara tatu kuuliza marehemu afikeje. Mara ya kwanza niliambiwa nirudi Jumatatu. Mara ya pili niliambiwa aje na picha mbili ndogo. Mara ya tatu Bwana Valentino alikuwa muungwana, akaniambia: "Mama, kwa marehemu tunakubali pia kipande cha tiketi." Siku zile mlangoni alisimama mtu wa kuchana tiketi, nusu anabaki nayo, nusu anakurudishia. Kipande cha Anselm kimo katika koti lake la Jumapili, lililo kwenye sanduku ambalo sijaweza kulifungua tangu msiba. Nitalifungua leo na kukiambatisha.

4. Wakati nikisubiri nguvu za kufungua sanduku, nilihesabu majina mliyokwisha kuyakubali. Ni watu elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Ukumbi ulikuwa na viti mia mbili na sitini. Kwa hiyo kila kiti kilibeba watu kumi na sita, na wengine mia moja hamsini na wawili wakasimama. Sipingi, vijana wa zamani tulikuwa wembamba. Naomba tu Anselm awe wa mia moja hamsini na tatu. Hatasumbua mtu. Hata kitandani alilala ukingoni.

Kati ya waliokuwemo yumo Mheshimiwa diwani mmoja aliyezaliwa 1984, ambaye anakumbuka joto la ukumbi. Yumo mama yako mzazi, Mungu amlaze pema, aliyekubeba mgongoni. Nilimfahamu. Alikuwa Mmoraviani wa kweli, na kila alipopita mbele ya ukumbi ule alivuka barabara. Siku ile nadhani alivuka akakosea upande.

5. Kama Kamati bado ina shaka na mume wangu, napendekeza mtihani mmoja kwa wote. Kila aliyekuwemo aje mbele ya watu aimbe kwa mdomo kile kipande cha tarumbeta. Mheshimiwa diwani alikijaribu kwenye uzinduzi wa harambee, na kilichotoka ni matarumbeta ya harusi ya mwezi uliopita.

Na kama mtihani hauwezekani, basi haki iwe sawa. Haifai marehemu adaiwe tiketi wakati aliye hai anadaiwa tu kunywa soda na kupiga picha ya pamoja. Naomba uzinduzi wa jiwe uahirishwe mpaka wote elfu nne mia tatu na kumi na wawili wawe wamefariki, wewe ukiwemo, ili kila mmoja athibitishe kwa masharti yaleyale aliyopewa Anselm. Sina haraka. Naweza kuja kuulizia kila Jumatatu.

Ninachokitaka ni kidogo: baiskeli itoke ukurasa wa 41, na jina la Anselm Lugembe liingie kwenye jiwe pamoja na waliokuwa ndani. Jiwe litakuwa ukutani mwa ghala, ninapopita kwenda sokoni. Ningependa kulisoma nikipita.

Nisalimie wajumbe wote, mlinzi wa ghala, na Bwana Valentino. Mwambie kuku aliyemrekodi tumekwisha kumla. Watoto wanakusalimu. Nakuombea afya, ila si nyingi mno, kwa sababu ya ombi langu la mwisho.

Wako katika kumbukumbu,
Mektilda Lugembe (mjane)

Baada ya kusaini:

Nimefungua sanduku. Tiketi imo katika mfuko wa ndani wa koti. Ni nzima. Haikuchanwa.

Nimekaa nayo mchana kutwa, kisha nikamwita Mzee Mwinshehe. Safari hii hakutania. Amesema: "Shemeji, nilimvuta mkono pale mlangoni. Akaniambia, baba yake Mektilda amesema baiskeli ikirudi na mkwaruzo na yeye asirudi. Akakaa chini ya dirisha, kaishika kiunoni kama mchumba, bugi zima, mpaka wimbo wa tisa. Kichwa anakitikisa, mguu anaupiga, mkono haachii."

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, yote niliyoyaandika hapo juu naomba uyafute. Jina lake msilichonge na waliokuwa ndani, huko mmeshajaa. Ukurasa wa 41 uacheni ulivyo, msiguse neno. Ila kama nafasi ipo, baada ya "alicheza na baiskeli" ongezeni: "ya mkwewe."