Pai za Shangazi Hilda na Daktari wa Hipnosi

Desmond Trask alikuwa na sauti. Mali nyingine hakuwa nayo. Ilikuwa sauti nzito na laini, ya kumsinzisha mtu hali amesimama, na kwa sauti hiyo alikwishatimuliwa katika miji sita ya Ontario, Kanada. Alipofika Kirkby Falls alipanga chumba juu ya duka la chambo cha samaki, akabandika mlangoni: "Dkt. Trask. Tiba ya Hipnosi. Huondoa Maumivu, Hofu, Sigara na Siri." Udaktari aliupata wapi? Alijipa mwenyewe asubuhi ile ile, akinyoa ndevu.

Neno "siri" ndilo lililomleta Wendell Krug, muuza magari makuukuu.

"Daktari, shangazi yangu Hilda anaoka pai ndogo za siagi. Mwaka wa kumi na moja huu anashinda kwenye maonyesho. Kiwanda cha keki kinataka kuyanunua mapishi, naye hataki hata kuyataja. Nikimuuliza, ananituma nikaoshe magari!"

"Unataka nimtoe siri."

"Kama unaweza."

Desmond alitabasamu kwa huruma, kama profesa aliyeulizwa moja na moja ni ngapi. "Ndugu yangu, mtu akishaingia kwenye hipnosi, huo usingizi wa kutiwa kwa maneno, ulimi si wake tena. Nikimwambia abweke, atabweka."

Wendell akamkabidhi pikapu nyekundu, kadi na funguo, papo hapo.

Balaa ni kwamba Desmond aliyaamini maneno yake mwenyewe, na tapeli anayeiamini bidhaa yake hana adui mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Shauri alikwishalikata: Wendell angepewa mapishi yoyote yale, na ya kweli angeyapeleka yeye kiwandani.

Jumanne shangazi akaletwa kwa kisingizio cha goti: bibi wa miaka sabini na mbili, mfupi, mpole. Wendell akabaki chini, akijifanya anachagua chambo.

"Lala hapo, Bi Hilda. Tazama kidole changu. Kope zinakuwa nzito... nzito..."

Hilda akavuta pumzi taratibu, mabega yakalegea, kope zikashuka. Desmond nusura ajipigie makofi.

"Hizo pai zako, mama. Unatia nini?"

"Siagi," akasema Hilda, kwa sauti ya mbali. "Sukari. Mayai."

"Na siri yenyewe?"

"Maji ya achari ya matango. Kikombe kizima. Na haradali."

Kalamu ikasita. "Haradali?"

"Vijiko vinne. Lakini bila sufuria yangu ya shaba, kazi bure. Shaba ndiyo inayogeuza ladha."

Alipoamshwa akapikicha macho. "Nimesema kitu?"

"Umekoroma tu, mama."

Wendell alipewa mapishi yaliyonakiliwa kutoka nyuma ya pakiti ya unga, akaondoka akibusu karatasi. Alasiri Desmond akabisha hodi kwa Hilda, akitaka kununua sufuria. Hilda aliikumbatia kifuani.

"Hii ni kumbukumbu ya marehemu Otto. Siiuzi!"

Desmond akatoa saa yake. Hilda akatikisa kichwa. Akaongeza koti la ngozi. Hilda akafuta chozi, akachungulia dirishani.

"Ile pikapu, inawaka hata kwenye baridi kali?"

Chai haijapoa, kadi ya pikapu ilikwishabadilishwa jina.

Jumamosi, kwenye maonyesho, Desmond alipanga pai ishirini na nne mbele ya bwana wa kiwandani. Yule bwana akang'ata, akatulia, machozi yakamlengalenga.

"Samahani," akasema, "hii ni pai au ni adhabu?"

Wendell, aliyeshindana kwa mapishi yake ya pakiti ya unga, akatoka wa tatu. Wa kwanza mnamjua.

Desmond alimkuta Hilda akipanda pikapu.

"Ulikuwa macho wewe!"

"Nilikuwa nimetulia, na mtu akitulia hajalala. Kijana wangu, nilikuwa nesi miaka ishirini na miwili, wodi ya maumivu, pamoja na mtaalamu wa kweli wa hipnosi. Mgonjwa anasikia kila kitu. Akikubali kusaidiwa, mara nyingi anasaidika: maumivu yanapungua, hofu ya sindano inapungua, tumbo la wasiwasi linatulia. Wengine hawapati hata chembe. Ila asiyetaka kusema, hasemi. Na anayetaka kudanganya, anadanganya."

"Na sufuria ya marehemu?"

"Marehemu yupi? Otto ni paka. Sufuria niliiokota mnadani kanisani."

Desmond, kwa aibu kidogo, akauliza, "Na goti je?"

"Goti lina nafuu, nisiseme uongo. Sauti unayo, mwanangu. Ungesoma miaka michache, ungefaa." Akawasha gari. Liliitika mara moja.

Desmond akabaki uwanjani na sinia lake la pai. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Akala moja, akakunja uso, akatazama huku na huku. Kisha akala ya pili.