Takia Lililosawazisha Majeshi Mawili

Sogeeni, enyi mnaojua kutega sikio, zimeni redio na acheni kutafuna, nipate kuwasimulia habari za Mjumbe Maalumu, mtoka mbali, mpatanishi wa mataifa, mvaa suti isiyokunjika, na jinsi alivyobeba takia kutoka jikoni hadi ukumbini huku majeshi mawili yakimtazama.

Ilikuwa asubuhi ya mazungumzo. Katika ukumbi wa hoteli, ujumbe wa serikali ulikaa upande wa madirisha, wa waasi upande wa ukuta. Ajenda ilikuwa moja: kufungua barabara ya kwenda mji wa juu, ambayo jeshi liliifunga kwa chini na waasi wakaifunga kwa juu, dawa zisipande wala wagonjwa wasishuke. Mama aliyepika chai ya kikao alikuwa na mzazi wake huko, bibi mwenye presha, na vidonge vyake vilikuwa vinakwisha.

Waziri, mrefu kama nguzo ya simu, alikuwa ameshaketi. Kamanda wa waasi, ambaye maumbile yalimpa sauti yakasahau kimo, akaketi mbele yake, akatazama, akasimama tena.

"Sikutoka porini kuja kuongea na tai ya mtu!" akanguruma. "Macho yangu na yake yawe sawa, la sivyo narudi nilikotoka."

Akavuta kishikio chini ya kiti, kiti kikapanda. Waziri naye akavuta chake. Ndipo vilipowaka vita ambavyo wahenga hawakuviona: hewa ikafoka chini ya makalio matukufu, viti vikapaa, hata miguu ya dola na miguu ya mapinduzi ikaning'inia pamoja, meza ikiwafika magotini. Na bado Waziri alikuwa juu.

Akainuka Balozi wa dola nyingine, ambayo nayo ilitaka amani hii iitwe yake. "Mheshimiwa, ukishuka kidogo tu..."

"Serikali haishuki," akajibu Waziri, akishika meza asianguke. "Anayeweza kuishusha ni mpiga kura peke yake."

"Na huyo kura yake mliihesabu lini?" akauliza Kamanda.

Hapo Mjumbe akakaza tai kama shujaa anayekaza mshipi wa upanga, akatoka peke yake, bila mlinzi wala mkalimani. Akavuka korido yenye zulia jekundu, akaupenya mvuke wa jikoni, akaliona: takia la maua yaliyofifia, juu ya stuli, na mama wa chai amelikalia.

"Ewe mama," akanena, "umeikalia amani ya taifa lako."

"Mimi? Mimi naumwa mgongo tu, baba."

Akaelezwa. Akainuka polepole, akalikung'uta. "Haya, chukua. Ila barabara ifunguliwe leo leo. Mama yangu kabakiwa na vidonge viwili."

"Leo," akaapa Mjumbe, mkono kifuani.

Akarudi amelipakata kwa mikono miwili. Walinzi wakalipekua, mbwa akalinusa. Kamanda akalikataa: mpiganaji hakalii takia. Mjumbe akachomoa silaha yake kuu, ile ambayo wapatanishi wote huinoa maisha yao yote, nayo ni kalamu: katika kumbukumbu za kikao, takia likaandikwa "jukwaa la usawa". Kamanda akatafakari, akaketi. Jicho likakutana na jicho. Makofi yakatikisa vioo. Balozi akatokwa na machozi, akayafuta, kisha akauliza kama nchi yake itatajwa.

Siku iliyobaki ikaliwa na tamko. Je, jukwaa lilipendekezwa, au lilikaribishwa? Dola ipi itangulie kushukuriwa? Walipoafikiana, ndege ya Mjumbe ilikuwa inangoja, na barabara ikasogezwa kikao kijacho.

Mama wa chai akaja kukusanya vikombe. "Baba, vipi barabara?"

"Mama, hukuona? Wamekaa!"

"Nimewaona, si ndio mimi niliyewapa chai? Nauliza barabara."

"Imo kwenye ajenda."

"Basi nipe takia langu."

"Haiwezekani, mama. Hilo sasa ni mali ya historia."

Takia likapanda ndege, likafungwa mkanda kwenye kiti chake. Kila mpaka likavuka kwa kinga ya kidiplomasia, wala halikuulizwa linakwenda wapi. Leo limo ndani ya kabati la kioo, linamulikwa na taa yake lenyewe. Vidonge havijavuka hata kizuizi kimoja. Mama wa chai anakalia ubao mtupu, simu sikioni. Huko juu inaita, inaita, haipokewi.

Lakini msihuzunike, enyi wasikilizaji, kwa maana tamko halikuhuzunika. Palikuwa na majeshi mawili yasiyolingana, na mtu mmoja akayalinganisha kwa kipande cha sponji. Iandikwe, isomwe mashuleni, kule ambako shule bado zimefunguliwa: siku ile, walikaa.