Maiti Haamki Bila Idhini

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Nimepata njia! Tamthilia yangu itamrudisha binti yangu Levina. Inahusu familia iliyohama Jamaika kwenda London. Baba ni dereva wa basi, mkali. Binti anaondoka kwa hasira, anarudi baba amekwisha kufa, anapiga magoti na kusema, "Baba, nimekosa." Baba nitakuwa mimi. Binti atakuwa Levina mwenyewe. Miaka mitatu hajakanyaga kwangu hapa Itetemia. Kisa ni barua ya posa ya Tobias, mchumba wake. Niliisahihisha kwa wino mwekundu, nikampa arobaini kwa mia, nikairudisha. Nimefundisha miaka thelathini na minane. Barua ni barua. Wakaoana bila mimi.

Jumatano, 3 Septemba
Consolatha wa kwaya kamshawishi Levina bila kunitaja. Levina kaja mazoezini ukumbi wa parokia, kaniona, kasita mlangoni. Shikamoo, Mwalimu. Mwalimu! Si Baba. Nikaitika marahaba, nikamweleza kuwa Jamaika ni kisiwa na kwamba magoti hupigwa yote mawili. Akauliza kwa nini binti peke yake ndiye aombe radhi. Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akauliza imeandikwa na nani.

Jumamosi, 6 Septemba
Onyesho. Ukumbi umejaa! Nimelala jenezani na koti zito la London, joto la Septemba. Mstari wa mbele: Mustafa, fundi viatu wa Kanyenye, Mzaramo. Kosa langu kumweka karibu. Mzaramo hawezi kumwona Mnyamwezi kama mimi jenezani akanyamaza. Utani huu babu zetu waliufunga safarini, wakibeba pembe kwenda pwani. Akapanda jukwaani, akakalia ukingo wa jeneza, akadai sizikwi mpaka apewe jogoo. "Mtani wangu huyu, akifika mbinguni atamsahihisha Petro!"

Ukumbi hoi. Levina naye akacheka, kicheko kile cha utotoni. Kisha akanishika mkono, akasema taratibu, "Baba, amka. Twende nyumbani."

Baba!

Lakini maneno hayo hayamo katika mswada. Nikafumba macho zaidi, nikingoja "nimekosa". Maiti haamki bila idhini ya mwandishi. Mkono wake ukakaa juu ya wangu kitambo. Kisha ukaondoka.

Mustafa kaniambia baadaye kwamba tangu azaliwe hajaona maiti mkaidi hivi. Mkono wangu bado una joto.

Jumanne, 9 Septemba
Mustafa kaleta barua ya Levina. Nije Jumapili mchana nile nao. Mjukuu wangu ameanza kutembea. Nimeisoma mara saba. Nimelia mara mbili. Haina tarehe. Haina anwani. Nimeweka alama chache tu pembeni, kwa upendo, nikampa sitini. Nimemrudishia Mustafa aipeleke ikakamilishwe, ndipo nitakwenda. Kanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Jumapili, 14 Septemba
Nimeoga mapema. Nimevaa koti la London. Saa sita. Saa saba. Saa nane. Barua haijarudi. Bila shaka Mustafa kaipoteza. Wazaramo! Nimekula ugali wa jana, peke yangu, koti sijavua.

Jioni nimeanza tamthilia mpya. Baba yuko mezani, mlango unabishwa, binti amekuja kuomba radhi. Safari hii mlango wa jukwaani nimeutia kufuli, watani wasiingie. Ufunguo ninao mimi.