Lazima Ziive Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 6 Oktoba

Kumi na tisa. Nyapara alitonesha juisi ya zabibu zangu kwenye kile kidude chake cha kupimia sukari, akakielekeza juani, akachungulia kwa jicho moja, akasema kumi na tisa. Akachungulia tena, labda kwa huruma. Kumi na tisa ileile.

Sheria ya shamba hili iko wazi, na ni ya kijinga. Mlima umechongwa ngazi kumi na moja, kila mfanyakazi na ngazi yake. Ijumaa sukari inapimwa rasmi. Ikifika ishirini na nne, Jumamosi unavuna, Jumapili unapanda lori kwenda kwenu. Isipofika, unangoja zabibu ziive, theluji inafunga barabara, unabaki kulinda mapipa mpaka iyeyuke. Mwaka jana nilibaki mimi. Miezi mitano. Kufikia wa tatu nilikuwa nayaamkia mapipa asubuhi na kuyaita mashemeji.

Yangu ni ngazi ya kumi na moja, juu kabisa, chini ya jabali. Jua linafika saa nne, saa tisa limeshaaga. Wageni wanaokuja kuonja husema divai nyekundu ya huku juu ina roho kwa sababu ya baridi. Wao wanaionja kwenye glasi. Mimi nalala nayo.

Ngazi ya kwanza ni ya Profesa. Tunamwita hivyo kwa sababu husoma maandishi ya nyuma ya mifuko ya mbolea, mpaka mwisho. Zake zimeshafika ishirini na tano. Hakujisifu. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote.

Jioni nilipanda juu ya tangi la maji, ndipo mtandao unapopatikana, nikampigia mke wangu. Binti yetu ana miaka miwili na nusu. Mke alizungukazunguka, mwisho akasema mtoto ameanza kumwita fundi viatu wa jirani "baba". Anakatazwa, hasikii. Nikauliza huyo fundi anaitikaje. Akasema anaitika vizuri tu.

Jumapili hii narudi nyumbani. Nyapara apende asipende.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimegundua ugonjwa. Majani! Zabibu zimejificha kivulini kama bibi harusi, zitaivaje? Nimechukua mkasi nikakata majani yote ya safu sita za katikati. Profesa alikuwa anapita na makasha yake. Akasema taratibu, kaka, jua la huku juu linachoma kama pasi, bakiza majani ya upande wa magharibi. Nikamwambia akasome mifuko.

Kufikia saa nane zabibu za safu sita zilikuwa zimenyauka upande mmoja. Kama masikio ya wazee.

Nyapara akaja kuuliza ni nani kafanya hivi. Nikasema mbuzi. Akaokota jani, akakagua kikonyo, akasema mbuzi wa siku hizi wanatembea na mkasi. Mtu mwenye dharau hujadiliani naye.

Jumatano, 8 Oktoba

Kama jua ni dogo, basi lizidishwe. Wazo lilinijia wakati nanawa uso. Nimeng'oa mabati manne ya paa la choo cha bweni, nikayasimamisha nyuma ya safu zilezile sita. Nilikuwa nimeshaziharibu, bora tumalizane. Joto lake! Niliweka mkono nikauondoa haraka. Zabibu zilikuwa zinakunjamana mbele ya macho yangu. Na bado kuna watu wanasema sayansi ni ngumu.

Ambalo sikulipigia hesabu ni kwamba mwanga ukishagonga bati una safari zake. Ulishuka mlimani, ukaingia dirisha la jikoni, ukampata mpishi machoni akiwa amebeba sufuria. Wote tumekula mkate mkavu. Halafu saa kumi mvua ikashuka ghafla, dakika kumi tu, na nyapara alikuwa chooni.

Mabati nimeyarudisha. Nyapara, huku anapiga chafya, kasema mbele ya watu kwamba mwaka huu nitabaki tena, hata zabibu zangu zitoe asali. Ajisemee. Kidude hakina kinyongo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nyapara ana magoti mabovu. Mwaka wa nne huu namtazama. Akipima haingii katikati ya ngazi, anapita kandokando tu, anakata kichala cha mwanzo wa safu na cha mwisho, basi, anageuka. Kwa nini sikuliona hili Jumatatu, sijui. Nilikuwa na hasira.

Leo wenzangu walipokwenda kula, nilishuka mpaka ngazi ya kwanza, nikakata vichala ishirini vya Profesa, nikapanda navyo ndani ya koti. Ngazi kumi, kwa hewa ya huku, ambayo ni nusu ya hewa. Nilipumzika mara saba. Kisha nikavifunga kwenye mizabibu yangu, mwanzo na mwisho wa safu, kwa uzi wa sufu niliofumua kwenye sweta langu. Sweta ni la kijani. Uzi hauonekani kabisa. Mkono mmoja wa sweta sasa unaishia kwenye kiwiko, lakini mwenzangu, Jumapili nitakuwa kwenye joto.

Wizi? Profesa ana vichala elfu kadhaa. Hana hata habari.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niandike polepole.

Nyapara hakuja peke yake. Alikuja na fundi divai, mama mmoja mwembamba ambaye hatoki ghalani kwa mapipa yake, na ulimi wake hata mwenye shamba anauogopa. Magoti yake ni mazima. Vichala vya mwanzo hakuvitazama. Alinyoosha moja kwa moja hadi katikati, kwenye zile safu sita zilizoungua. Nikajua nimekwisha.

Akachuma zabibu moja iliyokunjamana, akatafuna, akafumba macho. Akaminya nyingine kwenye kidude, akachungulia, akampa nyapara. Nyapara akasema kidude kimeharibika.

Ishirini na nane!

Mama akasema miaka tisa anaitafuta ladha hii, zabibu iliyoanza kukauka ingali kwenye mzabibu, na baridi ya mlima bado imo ndani yake. Akanigeukia, akaniita fundi, akaniuliza kwa heshima nilifanyaje.

Profesa alikuwa nyuma yangu na kasha begani. Akaninong'oneza: "Sema ni jua tu, kaka. Umeshapita. Nyamaza upande lori."

Maneno ya wivu hayo. Miaka minne kwenye mlima huu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nilifanyaje. Watu huniuliza kwa nini nilifanya. Nikakohoa, nikaanza. Nikasema ni elimu ya babu yangu. Majani yana siku yake ya kukatwa. Mwanga una pembe yake ya kupigwa. Na zabibu za namna hii zinataka mkono wa mtu mmoja, huyohuyo, tangu mwanzo hadi mwisho, mwingine akizigusa zinaharibika. Babu yangu alilima vitunguu. Hilo sikuligusa.

Mama aliitikia kila neno na kuandika. Kisha akafunga daftari akasema vizuri, basi zisivunwe kesho. Zikae wiki tatu zaidi zikauke sawasawa, zitiwe kwenye pipa lao peke yake, na kwa kuwa zinataka mkono wa mtu mmoja, mtu huyo atabaki nazo msimu wote wa baridi.

Ningeweza kusema palepale kwamba ilikuwa bahati mbaya iliyogeuka nzuri. Maneno matano. Lakini alikuwa ameshaniita fundi mbele ya watu kumi.

Nyapara alishuka akicheka. Alipofika ngazi ya tatu nilikuwa bado namsikia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wenzangu wamevuna siku nzima. Mimi nilikaa kwenye jiwe nikizitazama zabibu zangu, kama fundi anavyotakiwa.

Jioni Profesa akapanda kuniaga. Akasimama mwanzo wa safu, akaona zabibu zake zimefungwa kwa uzi wa kijani. Akatazama uzi. Akatazama kiwiko changu. Akavifungua vichala kimoja kimoja, akavitia kwenye kikapu. Halafu akasema lori litampitisha karibu na kwetu, kama nina salamu atateremka azifikishe.

Nikamwambia sihitaji huruma ya mtu. Kisha nikampa picha yangu, ile niliyosimama mbele ya lori kana kwamba ni langu. Aibandike ukutani, usawa wa macho ya mtoto.

Jumapili, 12 Oktoba

Lori limeondoka saa mbili asubuhi. Sikulitazama. Nililisikiliza tu mpaka kona ya mwisho.

Nikapanda kwenye tangi, nikamweleza mke wangu yote: ishirini na nane, miaka tisa, pipa la peke yake. Akauliza: "Baba watoto, kwani ulilazimishwa kujibu?"

Nikamwambia haelewi maana ya kuitwa fundi. Akasema kweli, haelewi. Anachojua ni kwamba mtoto kavalishwa gauni tangu alfajiri, yuko mlangoni, kila mwanamume akipita anainuka kumtazama. Mtandao ukakatika. Au niliukata mimi. Tangi lilikuwa linateleza.

Sawa. Mimi si mtu wa kukaa nikalia. Jumamosi ijayo gari la fundi divai linashuka mjini kuchukua vizibo, safari ya mwisho kabla ya theluji, na nafasi moja ipo. Zabibu zikiwa zimekauka na kuingia kwenye pipa Ijumaa, nani atanizuia? Wiki tatu ni za watu wanaotegemea jua. Mimi nitatumia moto. Kesho asubuhi nawasha chini ya safu zote sita, taratibu, mchana kutwa, siku nne mfululizo. Yule mama wa divai sijamwambia. Nataka ashtukie anaonja.

Kuni nimeshakusanya. Ni mbichi, zitatoa moshi mwingi, lakini moshi ni hewa tu. Hauwezi kuingia kwenye divai.