Alama Tisa za Kumrudisha Nukta

Jumatatu, 3 Machi

Nimempoteza mtoto leo, saa nne na dakika kumi asubuhi. Kachukuliwa na Afisa wa Ustawi, begi moja mgongoni, kandambili mkononi. Siku kumi na nne kamili. Sikuzidisha hata moja.

Kosa langu? Sina! Afisa alinieleza huku akihangaika na zipu ya begi: ulezi wa dharura mwisho wiki mbili. Kuendelea, lazima nipite kwenye uteuzi wa walezi wa muda. Alama mia, za kufaulu sabini. Nimepata sitini na moja.

Sitini na moja! Mimi! Niliyeanza na sindano moja na mkasi wa kuazima, leo nina duka la mapazia lenye vyerehani sita. Kwenye chumba cha mtoto nilipata zote: kitanda chake peke yake, dirisha linalofunguka, mlango usiofungwa kwa nje. Mikasi kumi na mmoja, yote chini ya kufuli. Afisa alipima dirisha kwa kunyoosha mikono. Nikampa kipimo sahihi, sentimita mia na ishirini na mbili. Akashukuru kwa sauti isiyo na shukrani.

Zilizonikosa ziko Sehemu C. Watu watatu, wasio ndugu, wasio wateja, wanaonifahamu nyumbani kwangu. Kila mtu alama nne. Nilipata sifuri. Nikasema daftari langu lina wateja mia nne na kumi na wawili, waulizwe. Akasema, mama, wateja unao, watu ndio huna. Kisha akaomba radhi. Kachelewa!

Mtoto ana miaka minane. Mama yake amelazwa, operesheni ya mgongo, wiki kumi, ndipo Afisa akamleta kwangu kwa dharura. Mimi namwita Nukta, maana hukaa kimya kwenye kona ya meza ya kukatia kama alama ya chaki. Yeye ananiita Shangazi Futi. Sikumkataza.

Na kapelekwa wapi? Nyumba ya mkabala! Kwa Muuguzi mstaafu, mwenye alama tisini na nne na watoto wengine wawili wa malezi. Mita kumi na nne kutoka dirishani kwangu. Nimekadiria kwa jicho, na jicho langu halikosei zaidi ya sentimita tatu.

Chakula cha mchana nimepika cha watu wawili. Nimekula chote kwa hasira.

Jumanne, 4 Machi

Hesabu. Sitini na moja, jumlisha mtu mmoja: sitini na tano. Wawili: sitini na tisa. Sitini na tisa si sabini, hata uikodolee macho. Kwa hiyo watatu. Kamati ya uteuzi inakaa Alhamisi ya wiki ijayo kupitia upya alama.

Nimeingia nyumba mia nne na kumi na mbili kupima madirisha. Najua nani ana ukungu nyuma ya kabati na nani anaficha viatu chini ya sofa. Walioingia kwangu ndani ya miaka kumi na mmoja: Afisa, Nukta, na mzee mmoja aliyekosea mlango. Mzee yule alikaa vizuri tu, akamaliza chai, ndipo akauliza mwanawe yuko wapi.

Kuomba watu waje siwezi. Watauliza kuna nini. Mtu huja kwa sababu, basi nitatoa sababu. Fomu imekataza ndugu na wateja. Haijakataza mafundi!

Saa tatu nilipiga bomba la jikoni nyundo mbili. Saa tano fundi bomba akawa chini ya sinki. Nikamwandalia chai, nikavuta kiti, nikamweleza habari za vitambaa vizito na vyepesi. Dakika arobaini! Alipotoka chini akaniambia, mama, hili bomba limepigwa. Nikasema ni uzee. Akalitazama bomba, akanitazama mimi, akasema atarudi na koki mpya.

Atarudi! Mambo yanakwenda.

Alhamisi, 6 Machi

Kanuni: mlezi wa zamani asimwendee mtoto siku saba za mwanzo, ili mtoto atulie. Sawa. Haijasema asimtazame. Nimeacha upenyo wa sentimita tisa kwenye pazia.

Saa kumi Nukta alikuwa akianua nguo na Muuguzi. Shuka anaikunja pembe kwa pembe, kama nilivyomfundisha. Wale watoto wengine wawili wanakunja ovyo. Nilifurahi, halafu nikaumia, vyote ndani ya shuka moja.

Muuguzi aliniona. Sentimita tisa, na akaniona! Akaita kutoka ng'ambo, jirani, siku saba zikiisha njoo unywe chai, mtoto anakuulizia. Nikajibu nina kazi nyingi. Mtego mtupu. Fomu inataka wanaoijua nyumba yangu, si yake. Chai ya kwake haina alama.

Fundi bomba amekuja mara ya pili. Amefunga koki. Alipoondoka nikaipa nyundo moja, ndogo.

Ijumaa, 7 Machi

Msoma mita wa umeme hupita kila tarehe saba. Mita yangu iko nje, ukutani. Anasoma, anaandika, anakwenda zake. Miaka kumi na mmoja hajawahi kuona hata zulia langu.

Nimeishonea mita pazia. Kitambaa cha kijivu, pindo mbili, kufuli ndogo chini. Ufunguo uko ndani, juu ya kabati, na kabati liko chumba cha mwisho. Ikabidi aingie. Ikabidi akae wakati natafuta. Nilitafuta dakika kumi na mbili ufunguo niliokuwa nimeushika.

Nikamtolea fomu. Nikauliza kama ananifahamu. Akasema vizuri sana, wewe ni sifuri nne moja saba. Nikasema hapa nyumbani, sasa. Akatazama huku na huku, akasema pana usafi, pana ukimya, saa ya ukutani inasikika mpaka uani. Nikamwambia aandike hayo ya usafi. Akatia sahihi haraka, akauliza kama anaweza kupewa ufunguo sasa.

Mmoja! Sitini na tano!

Kwenye safu ya "uhusiano wako na shahidi" nimeandika: umeme.

Jumapili, 9 Machi

Fundi bomba, mara ya nne; ya tatu ilikuwa jana. Amekuja bila mfuko wa vifaa. Akakaa kitini bila hata kuinamia sinki, akasema, mama, mke wangu anauliza huyu mteja wa kila kukicha ni nani, na mimi sina jibu, sasa niambie unataka nini.

Nikampa fomu. Akaisoma yote, mpaka yale maandishi madogo. Akauliza ina maana umevunja bomba lako mwenyewe mara tatu kwa ajili ya mtoto? Nikasema mara nne, moja hakuigundua. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akatia sahihi, kwa sharti kwamba nyundo niifungie pamoja na ile mikasi.

Akaongeza kwamba siku nyingine nimpigie simu tu, atapita kunisalimia. Sikuelewa. Bomba likiwa zima apite kufanya nini?

Uhusiano: mabomba. Sitini na tisa.

Jumatatu, 10 Machi

Amebaki mtu mmoja, na mtaa mzima ni wateja wangu ila Muuguzi. Kumwomba uso kwa uso, mpinzani wangu? Thubutu! Lakini akija mwenyewe, akaingia, akaiona fomu mezani...

Muuguzi haachi mgonjwa. Nikajilaza kwenye sofa, kitambaa chenye maji kichwani, nikamtuma mtoto wa duka la jirani aseme jirani yako kaanguka. Dakika mbili na nusu hazijaisha, Muuguzi kaingia mbio, kiatu kimoja tu mguuni, Nukta nyuma yake amekibeba kingine. Siku saba zimeisha leo, nilihesabu kabla ya kuanguka.

Akashika mshipa wa mkono wangu. Akanitazama ulimi. Akaniambia, mwenzangu, huna ugonjwa, mara ya mwisho umekula na nani? Nikajibu kwa tarehe: pili Machi. Hakucheka. Akaenda jikoni kwangu, akapika, akapakua sahani tatu.

Nukta alikwenda moja kwa moja chumbani. Akarudi akauliza mbona kitanda bado kimetandikwa. Nikasema ni utaratibu wa ofisi. Akasema ofisi gani, Shangazi? Nikamwambia ale.

Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake, karibu na kiwiko cha Muuguzi. Maneno manne tu: tafadhali nitilie sahihi hapa. Nilifungua kinywa mara tatu. Mara ya kwanza nikasifia chumvi. Mara ya pili nikauliza upana wa madirisha yake. Mara ya tatu nikakohoa, akanipigapiga mgongoni.

Wamekaa dakika thelathini na nane. Walipotoka nimeosha sahani tatu. Moja ningeweza kuiacha mpaka kesho, lakini sikutaka kuiona.

Alhamisi, 13 Machi

Kamati. Watu saba nyuma ya meza moja. Dirisha lao lina pazia fupi, sentimita kumi na nane pungufu.

Msoma mita akasema ananifahamu, akataja namba yangu. Fundi bomba akaulizwa anaifahamuje nyumba yangu. Akasimama, kofia mkononi, akasema, waheshimiwa, lile bomba halina shida. Anayehitaji mtu ni mama mwenyewe. Nimeingia mle mara nne, na kila mara nilikuta ameandaa vikombe viwili kabla sijabisha. Watu wawili wakacheka, kisha hakuna aliyecheka. Nilitamani kumpiga nyundo yeye.

Wakamwita Nukta. Kanuni inasema mtoto aulizwe. Mwenyekiti akauliza kwa Muuguzi kukoje. Akasema kuzuri, kuna wenzangu. Mwenyekiti akauliza, basi unataka kukaa wapi mpaka mama apone? Akasema, kwa Shangazi Futi. Kwa nini? Akasema kwa sababu akipima mapazia marefu, mimi ndiye nashika ncha ya pili, na sasa sijui anashikiwa na nani.

Ikabidi nitazame lile pazia lao fupi kwa muda mrefu.

Alama za jibu hilo: sifuri! Maoni ya mtoto husikilizwa, hayajumlishwi. Kwenye kanuni za nani? Sentensi ile popote ni alama ishirini! Nilisema hivyo. Mwenyekiti akaniomba nikae.

Uamuzi: mashahidi wote wawili wamekubaliwa. Sitini na tisa. Mtu mmoja zaidi na mtoto anarudi kwangu wiki zote zilizobaki. Muuguzi akasimama palepale kujitolea. Mwenyekiti akamkalisha: shahidi hajitaji, hutajwa na mwombaji, tena kwa maandishi. Jalada linafungwa Jumatatu saa nane mchana.

Kwenye korido Muuguzi alinishika mkono. Akasema, jirani, andika jina langu yaishe, mtoto anakutaka wewe, na mimi nakuona kila siku hapo dirishani, nitashindwaje kukusemea? Afisa akanipa kalamu yake. Vyote vilikuwepo! Jina, kalamu, fomu.

Lakini kuna ile safu ya uhusiano. Nikauliza niandike nini. Jirani? Afisa akasema ujirani mtupu hauhesabiwi. Muuguzi akacheka, akasema andika rafiki, mwenzangu, unaogopa nini?

Siandiki nisichokihakiki. Maisha yangu yote sijawahi kukata kitambaa kwa kipimo cha kuambiwa. Nikasema nitafanya uchunguzi. Afisa alifumba macho. Nukta aliniangalia mpaka walipopinda kona.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi bomba amepiga simu asubuhi kuuliza hali. Nikamwambia bomba zima. Akasema najua, nauliza wewe. Sikuwa na kazi ya kumpa, nikakata.

Nimefanya hesabu ya urafiki siku nzima. Chai nilizoalikwa na Muuguzi tangu ahamie: ishirini na sita. Nilizokwenda: sifuri. Mara alizoingia kwangu: moja, kwa udanganyifu wangu. Kwa takwimu hizo huwezi kumwita mtu rafiki. Anaweza kuwa ananihurumia tu. Anaweza kuwa ni mtindo wake wa kusema, kama wanavyosema "karibu" huku wanafunga mlango. Nikiandika "rafiki" halafu kamati ikamuuliza, akasitasita hata sekunde mbili, nimekwisha, na Nukta amekwisha pamoja nami.

Nimemwona Nukta uani kwao saa tisa. Alikuwa amesimama peke yake, ameshika ncha moja ya kamba ya nguo, ananitazama. Nilitaka kuvuka barabara. Mita kumi na nne! Lakini ningesema nini bila ushahidi mkononi?

Kwa hiyo nimeandika barua. Nakala tatu: yake, yangu, ya jalada. Nimeisukuma chini ya geti lao, nikagonga, nikakimbia. Nakala yangu naibandika hapa.

*Kwa Muuguzi Mstaafu, nyumba ya mkabala.*

*Kuhusu: uhakiki wa uhusiano.*

*Jana koridoni ulitamka neno "rafiki" mbele ya shahidi mmoja. Hukueleza kama ulimaanisha. Mimi ni mtu wa vipimo. Mtoto hawezi kurudishwa kwa neno la koridoni.*

*Nakuuliza mara moja tu. Wewe ni rafiki yangu au si rafiki yangu? Jibu liwe ndiyo au hapana, kwa wino, na sahihi yako chini. Maelezo hayatapokelewa. Mwaliko wa chai hautahesabiwa kuwa jibu.*

*Mwisho wa kupokea ni Jumatatu, saa sita kamili mchana, kwa saa yangu. Ukinyamaza nitaandika hapana.*